Hesabu ya kura isipoaminika, mkulima ndiye hulipa

MKULIMA wa majani chai hazozani kuhusu bei kabla hajamaliza kuzozana kuhusu kilo. Afikapo katika kituo cha kununulia majani, husogea karibu na mizani, akasoma uzani kwa macho yake mwenyewe, kisha akapokea risiti kutoka kwa karani. Mwisho wa mwezi akilipwa kilo pungufu, ana karatasi ya kuonyesha. Asipokuwa nayo, hana kesi.

Kura nayo hupimwa vivyo hivyo. Mpiga kura hawezi kufuata karatasi yake hadi Nairobi, lakini anaweza kujua idadi iliyopatikana katika kituo chake, na anaweza kudai idadi hiyo ifike ilivyo katika jumla ya taifa.

Kati ya mwaka 2007 na 2022, Kenya ilifanya chaguzi kuu nne na uchaguzi mmoja wa marudio. Katika chaguzi zote nne matokeo ya urais yalipingwa. Kila mara swali zito lilikuwa lile lile: je, takwimu zilizosomwa Nairobi ndizo zilizoandikwa mashinani?

Wengi hudhani swali hilo ni la wanasiasa na mawakili wao. Vitabu vya hesabu vya wakulima, wafugaji, wenye malori na wafanyabiashara wa nafaka vinasema vingine. Hesabu ya kura isipoaminika, hasara haikai katika ukumbi wa kujumlishia. Huteremka hadi ghalani, barabarani na katika bei ya unga.

Kuna chaguzi mbili zinazoweza kulinganishwa kama mashamba mawili ya majaribio. Mnamo 2007, pengo kati ya mshindi aliyetangazwa, marehemu Mwai Kibaki, na mpinzani wake, marehemu Raila Odinga, lilikuwa kura 231,728. Mnamo 2022, pengo kati ya William Ruto na Bw Odinga yuyo huyo lilikuwa kura 233,211. Tofauti ya mapengo hayo mawili haifiki kura 1,500. Lakini gharama iliyofuata kila tangazo ilitofautiana kama usiku na mchana.

Takwimu zilizopotea njiani

Wakenya walipiga kura Desemba 27, 2007. Kura zilihesabiwa vituoni, zikajumlishwa katika maeneo bunge 210, kisha takwimu zikapelekwa Nairobi kwa Tume ya Uchaguzi ya Kenya (ECK), iliyokuwa ikikutana katika jumba la KICC.

Matokeo mengi yalisomwa kwa kutegemea simu na faksi, kabla fomu zenyewe kuwasili. Siku zilipopita bila matokeo ya baadhi ya maeneo, mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, alilalamika hadharani kwamba hakuweza kuwapata kwa simu baadhi ya wasimamizi wake. Maajenti wa vyama nao walianza kuzozana kuhusu takwimu zilizokuwa zikisomwa.

Jioni ya Desemba 30, baada ya vurumai ukumbini, Bw Kivuitu aliondolewa akiwa amezungukwa na walinzi. Alisoma matokeo katika chumba kingine mbele ya shirika la utangazaji la serikali pekee: Kibaki kura 4,584,721 na Odinga 4,352,993. Muda mfupi baadaye rais aliapishwa katika Ikulu, jua likizama.

Siku chache baadaye mwenyekiti huyo aliwaambia wanahabari kuwa hakujua kama Bw Kibaki alikuwa ameshinda kweli. Waangalizi wa Muungano wa Ulaya nao walisema takwimu za baadhi ya maeneo bunge zilizotangazwa Nairobi hazikulingana na zile zilizotolewa mashinani.

Tume huru iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji mstaafu kutoka Afrika Kusini, ilichunguza uchaguzi huo na kutoa ripoti Septemba 2008. Ilibaini kuwa dosari zilikuwa nyingi kiasi kwamba haingewezekana kujua mshindi halali ni nani. Daftari la wapiga kura lilikuwa na majina yanayokadiriwa kufika milioni 1.2 ya watu waliokufa. Kura za ziada zilitumbukizwa masandukuni katika ngome za pande zote mbili. Kulikuwa pia na makosa ya kawaida ya kujumlisha na kunakili, yale ambayo karani wa duka angeyaona akirudia hesabu mara moja.

Ugunduzi huo haukumpa ushindi yeyote. Ulionyesha tu kwamba kipimo kilikuwa kimeharibika. Na kipimo kikiharibika, hata aliyeshinda kwa haki hawezi kuthibitisha ushindi wake.

Isitoshe, upinzani ulikataa kwenda mahakamani ukisema hauna imani na majaji. Hivyo mizani ilikuwa mbovu, na ofisi ya kupeleka malalamiko pia haikuaminika. Barabara ndizo zilizobaki.

Akiba iliyoungua

Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza makwao zaidi ya 600,000. Katika eneo la Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lililokuwa na watu waliokimbia makwao, wengi wao wanawake na watoto, liliteketezwa Januari 1, 2008. Hakuna hesabu ya fedha inayoweza kufidia hayo.

Hata hivyo, inafaa kutazama ghasia hizo ziliangukia wakati gani katika kalenda ya mkulima. Kaskazini mwa Bonde la Ufa, yaani Trans Nzoia, Uasin Gishu na maeneo jirani, mahindi hupandwa Machi na Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Mwishoni mwa Desemba, jasho la mwaka mzima huwa ghalani likisubiri bei ipande, au lingali limesimama shambani likikauka.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Januari 2008 akiba hiyo iliungua. Maghala ya familia yaliteketezwa pamoja na nyumba, na mahindi yaliyokuwa hayajavunwa yakaachwa shambani na wenyewe waliokimbilia kambini. Sehemu ya chakula ambacho nchi ilikuwa imekitegemea kwa mwaka huo ilitoweka kabla ya kufika sokoni.

Pigo la pili lilikuja bila moshi. Januari hadi Machi ni miezi ya kulima, kutafuta mbegu na kununua mbolea. Mkulima aliyekuwa ndani ya hema katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret hangeweza kuandaa ekari zake. Jirani aliyebaki naye hakupata trekta ya kukodi wala duka la pembejeo lililofunguliwa. Mashamba mengi yaliyokuwa yakikodishwa kila msimu yalikaa bila mpangaji.

Kufikia mwisho wa 2008, bei ya pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilikuwa imepita shilingi 100. Januari 2009 serikali ilitangaza njaa kuwa janga la kitaifa, ikisema takriban watu milioni 10 walihitaji msaada wa chakula.

Ni haki kusema kwamba uchaguzi haukuleta hayo yote peke yake. Mvua zilikuwa haba. Bei za mafuta na nafaka duniani zilipanda mno mwaka 2008, na mbolea ya kupandia ikawa ghali zaidi ya mara mbili. Lakini mkulima mwenye ghala lililojaa hustahimili mwaka mbaya, na yule aliyechomewa ghala huuona mwaka huo huo kuwa maangamizi. Ghasia ziliondoa kinga ambayo ingepunguza makali ya ukame na bei.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walipata hasara ya kila siku. Mahindi yanaweza kungoja barabara ifunguliwe, lakini maziwa hayangoji. Magari ya kukusanya maziwa yaliposhindwa kupita vizuizi vya vijana barabarani, maziwa yaliharibika huku mijini rafu za maduka zikiwa tupu.

Naivasha, ambako maua hukuzwa kwa ajili ya soko la Ulaya, ghasia zilifika mwishoni mwa Januari 2008. Zilikuwa zimesalia wiki mbili na nusu tu kabla ya sikukuu ya Valentine ya Februari 14, ambapo mauzo ya waridi huwa ya juu kabisa. Maelfu ya wafanyakazi walikimbia, na malori yaliyobeba maua kwenda uwanja wa ndege wa Nairobi yalilazimika kusafiri kwa misafara yenye ulinzi. Katika mashamba ya majani chai ya Kericho, vibarua wa kutoka jamii nyingine walitoroka nyumba zao na majani yakakomaa yakikosa wa kuyachuma.

Barabara moja, nchi nyingi

Barabara kuu na reli ya kutoka Mombasa kupitia Nairobi, Nakuru na Eldoret hadi mpaka wa Malaba hubeba mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo. Mtu anayetaka kujua bei ya petroli Kampala wiki ijayo hutazama hali ya barabara hiyo wiki hii.

Januari 2008 vizuizi vilisimamisha malori, na vijana waking'oa vyuma vya reli katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi. Nchini Uganda mafuta yaliadimika na bei ikapanda ghafla. Rwanda iliwekea wateja kiwango cha mafuta ya kununua. Wafanyabiashara ambao hawakuwa na kura nchini Kenya walilipia kura za Kenya.

Kwa jumla, uchumi wa Kenya uliokuwa umekua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007 ulikua kwa chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Watalii walishuka kutoka takriban milioni 1.8 hadi milioni 1.2. Hoteli za pwani zilipokosa wageni, wakulima wa mboga, mayai na matunda waliokuwa wakiziuzia nao walikosa soko.

Mapatano yaliyosimamiwa na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, yalitiwa saini Februari 28, 2008. Serikali ya muungano iliundwa, na mwisho wa mwaka huo ECK ikavunjwa.

Hasara isiyoonekana

Hasara ya moto huonekana kwa macho. Ile ya hofu huhesabiwa kwa shida, lakini ni kubwa na hurudi kila baada ya miaka mitano.

Mwaka wa uchaguzi ukikaribia, mwenye duka la pembejeo hupunguza bidhaa anazohifadhi. Mnunuzi wa nafaka husita kutuma pesa za kununua mazao ambayo huenda yasisafirishwe. Benki huchunguza mara mbili mkopo wa mtu anayelima mbali na kwao. Anayekodi ekari 50 hukodi 20. Mwenye ng'ombe wa gredi katika eneo lenye uhasama huwauza mapema kwa bei ya kutupa.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefanya makosa. Kila mmoja anajikinga kwa busara. Lakini wote wakijikinga kwa pamoja, kinacholimwa hupungua, ajira za vibarua hupungua, na chakula cha mwaka unaofuata hupungua.

Kinachowatia hofu ni kutojua kama atakayeshindwa atakubali. Na aliyeshindwa hukubali kwa urahisi zaidi anapoweza kukagua hesabu mwenyewe. Kwa hivyo karatasi ya matokeo ya kituo, ambayo huonekana kuwa jambo dogo la ofisini, ina thamani ya kiuchumi kama ilivyo risiti ya majani chai.

Mashine zilipokataa

Katiba iliyoidhinishwa 2010 ilitengeneza mambo mawili. Kwanza, iliagiza mfumo wa kupiga kura uwe rahisi, sahihi, salama, wa uwazi na unaoweza kuthibitishwa. Pili, iliunda Mahakama ya Juu na kuipa siku 14 kuamua kesi ya urais, ambayo lazima iwasilishwe ndani ya siku saba baada ya tangazo. Malalamiko yakapata ofisi, na ofisi ikapewa saa.

Uchaguzi wa Machi 4, 2013 uliendeshwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) kwa mashine mpya. Katika vituo vingi vifaa vya kutambua wapiga kura viliishiwa na chaji au vikakataa kufanya kazi, na makarani wakarudia daftari la karatasi. Mfumo wa kutuma matokeo kielektroniki nao ulikwama. Kwenye skrini za ukumbi wa Bomas, idadi ya kura zilizoharibika ilizidishwa mara nane kwa kosa la programu.

Tume ilirudi kwenye fomu zilizobebwa kwa mkono. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, akivuka nusu ya kura kwa kura elfu nane hivi. Mahakama ya Juu iliidhinisha matokeo Machi 30. Bw Odinga alisema hakukubaliana na uamuzi lakini ataheshimu mahakama, na msimu wa kupanda ukaendelea.

Funzo la 2013 ni kwamba mashine si mizani. Mashine ni gari la kubebea takwimu. Mizani ni ile fomu iliyojazwa na kutiwa saini mbele ya maajenti.

Fomu zisizoonekana

Kufikia Agosti 8, 2017 nchi ilikuwa na vituo 40,883. Matokeo ya kila kituo yalijazwa katika Fomu 34A, yakajumlishwa katika eneo bunge kwa Fomu 34B, kisha ya kitaifa katika Fomu 34C. Wiki chache awali Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeamua, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi.

Hali ilikuwa ya wasiwasi hata kabla ya kura. Chris Msando, afisa wa IEBC aliyesimamia teknolojia, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi.

Bw Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 8,203,290 dhidi ya 6,762,224 za Bw Odinga. Pengo la karibu kura milioni 1.5 lilionekana kubwa kiasi cha kutoweza kutiliwa shaka. Lakini baada ya tangazo, tume yenyewe ilikiri kuwa ilikuwa bado haijapokea fomu za zaidi ya vituo 11,000. Mahakama ilipoagiza sava zake zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo.

Septemba 1, 2017, majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walibatilisha uchaguzi huo. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika mahakama kufuta ushindi wa rais aliyekuwa mamlakani. Majaji walisema uchaguzi ni mchakato mzima, na jumla kubwa haiwezi kuziba pengo la karatasi zinazokosekana.

Soko la hisa la Nairobi lilitikisika siku hiyo hadi biashara ikasitishwa kwa muda. Kura ya marudio iliandaliwa Oktoba 26, Bw Odinga akaisusia, na wapiga kura waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Nchi ililipia uchaguzi mara mbili katika mwaka ambao tayari ulikuwa na ukame na viwavijeshi vamizi mashambani, huku serikali ikitoa ruzuku ili pakiti ya unga iuzwe shilingi 90.

Kuna wafanyabiashara waliomlaumu Jaji Maraga kwa gharama hizo. Lawama hiyo haikuelekezwa mahali pake. Gharama ilitokana na kutangaza jumla kabla ya kukusanya risiti.

Mizani yawekwa hadharani

Agosti 9, 2022 vituo vilikuwa 46,229. Mara hii IEBC, chini ya mwenyekiti Wafula Chebukati, ilipakia picha za Fomu 34A katika tovuti ya umma kadiri zilivyowasili. Ndani ya siku chache, fomu za karibu vituo vyote zilikuwa mbele ya yeyote mwenye simu na bando.

Uwazi huo haukuondoa vurugu zote. Vyombo vya habari vilijumlisha kwa mpangilio tofauti na kutoa takwimu zilizopishana, jambo lililochanganya wananchi. Agosti 15, dakika chache kabla ya tangazo, makamishna wanne kati ya saba wakiongozwa na naibu mwenyekiti Juliana Cherera waliyakana matokeo wakisema hatua ya mwisho haikuwa ya uwazi.

Makamishna hao walidai asilimia za wagombea wote wanne zilifika 100.01, na kwamba ziada hiyo ilikuwa takriban kura 142,000. Mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kukagua. Kura halali zilikuwa zaidi kidogo ya milioni 14.2, na asilimia 0.01 ya hizo ni kura 1,421 hivi. Ziada yenyewe ilitokana na kukadiria desimali.

Hapo ndipo faida ya takwimu za wazi inapoonekana. Mnamo 2007 dai kama hilo lingezunguka nchi nzima kwa wiki kadhaa bila wa kulipinga wala kulithibitisha. Mnamo 2022 lilijibiwa siku ile ile.

Bw Odinga alipeleka malalamiko mahakamani. Mahakama iliagiza sava zikaguliwe na kura za baadhi ya vituo zihesabiwe upya. Septemba 5, majaji wote saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome walikubali ushindi wa Dkt Ruto. Walisema hakukuwa na tofauti ya maana kati ya fomu zilizopakiwa kwenye tovuti na zile halisi zilizofikishwa Bomas.

Kulikuwa na maandamano mafupi katika baadhi ya miji jioni ya tangazo. Lakini reli haikung'olewa, malori yaliendelea kuvuka Malaba, na Oktoba wakulima wa Bonde la Ufa waliingia shambani kuvuna.

Bila shaka, uwazi wa fomu haukuwa sababu pekee. Miungano ya kisiasa ilikuwa imebadilika, serikali za kaunti zilikuwa zimegawa mamlaka, na kumbukumbu ya 2008 ilikuwa bado mbichi. Lakini kwa pengo linalokaribia kulingana kabisa na mlalamishi yule yule, tofauti ya kwamba fomu zilionekana na mahakama ilikuwa na mlango haiwezi kupuuzwa.

Yaliyosalia kurekebishwa

Itakuwa kosa kudhani kazi imekwisha. Tume iligawanyika hadharani, na mgawanyiko wa wenye mizani huzaa shaka hata mizani ikiwa sawa. Makamishna hao wanne waliondoka, Bw Chebukati na wenzake wakamaliza muhula Januari 2023, na tume ikakaa bila makamishna hadi Julai 2025. Muda wa kikatiba wa kuchora upya mipaka ya maeneo bunge ulipita bila kazi kufanyika.

Mnamo 2023 madai ya kufunguliwa kwa sava yaliungana na hasira ya gharama ya maisha, na maandamano yakasababisha vifo na kufunga maduka mijini. Hesabu ikishaingiwa na shaka, haisafiki kwa uamuzi wa mahakama pekee.

Tovuti nayo ilionyesha picha za fomu bila jumla rasmi inayoendelea. Picha 46,229 ni nyingi mno kwa mtu mmoja kuzijumlisha. Tume ikichapisha pia jedwali la takwimu za kila kituo, vyuo vikuu, vyombo vya habari na vyama vitakagua kwa saa chache badala ya siku kadhaa. Hilo halihitaji mashine mpya.

Tatizo jingine ni maajenti. Katika ngome ya mgombea mmoja, mara nyingi maajenti wa mwingine huwa hawapo, huwa wamefukuzwa au hawajalipwa. Fomu yenye saini za upande mmoja ina uzito mdogo, hata ikiwa sahihi.

Wapo wanaolalamika kuwa uwazi ni ghali. Bajeti ya uchaguzi wa 2022 ilipita shilingi bilioni 40 kwa wapiga kura milioni 22.1 waliosajiliwa, yaani zaidi ya shilingi 1,800 kwa kila mmoja. Sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwa vifaa, karatasi na mishahara ya makarani. Kupakia fomu na jedwali ni sehemu ndogo mno, na ndiyo sehemu inayolinda zote nyingine.

Kalenda na kituo

Katiba inataka uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kwa mkulima wa mahindi wa kaskazini mwa Bonde la Ufa, huo ni wakati mazao yamesimama shambani na maghala yanakaribia kuwa matupu. Hatari ya kuchomewa akiba ni ndogo kuliko ilivyokuwa Desemba. Lakini mzozo ukivuka Septemba, huangukia mavuno, wakati wa kutafuta vibarua, mashine za kukausha na malori.

Kwa sababu hiyo ni busara kwa wakulima kupanga mapema. Deni la pembejeo lilipwe kabla ya Agosti inapowezekana. Magunia, turubai na dawa ya kuhifadhi nafaka yanunuliwe kabla maduka hayajapunguza bidhaa. Anayelima mbali na nyumbani aweke stakabadhi za shamba na mkataba wa kukodi mahali salama. Penye ghala lililoidhinishwa chini ya sheria ya stakabadhi za ghala ya 2019, kuweka sehemu ya mazao huko humpa mkulima karatasi ya kudai mali yake au kuombea mkopo.

Hatua muhimu zaidi haigharimu chochote. Kisheria kituo kimoja hakiandikishi zaidi ya wapiga kura 700. Kura huhesabiwa papo hapo baada ya kituo kufungwa, na msimamizi hutakiwa kubandika nakala ya Fomu 34A mahali ambapo umma unaweza kuisoma. Idadi hiyo ni ndogo kiasi kwamba katibu yeyote wa chama cha ushirika anaweza kuinakili kwa kalamu, kuipiga picha kwa simu, na kuilinganisha na ile ya tovuti asubuhi inayofuata.

Vikundi vya wakulima, kuanzia vyama vya maziwa hadi vya kahawa, tayari vina watu waliozoea kukagua hesabu za kilo na za senti. Kila kikundi kikituma mtu mmoja kusoma karatasi ya kituo chake na kuhifadhi nakala, takwimu yoyote itakayobadilika kati ya kijiji na Nairobi itakuwa na shahidi asiye na bendera ya chama.